Bunduki Iliyokatwa kwa Kipimo cha Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Ufipa kuzika. Marehemu hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa fundi seremala, jirani wa bibi yangu, mzee aliyeburuza mguu wa kulia kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipopata simu nikiwa Mbeya, niliomba ruhusa kazini nikasema nimefiwa na babu. Sikuwa na jina jingine la kumpa, na ukweli wenyewe, rafiki yangu, ulikuwa mrefu mno kusimulia mbele ya meza ya bosi. Wewe nitakusimulia.

Nilishuka Sumbawanga mjini na upepo ukanipokea kama zamani. Ukiwaambia watu wa Dar kwamba kuna mahali Tanzania hii mtoto anakwenda shule amevaa sweta mbili, wanadhani unawatania. Mimi nilikulia katika baridi hiyo. Wazazi wangu walikuwa Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, wakifanya biashara ya migebuka mikavu, wakaniacha kwa bibi huku juu nisome. Kila walipopata gari la kuja walitutumia tenga la samaki. Bibi alisonga ugali wa ulezi mweusi kama udongo wa bonde, tukala na migebuka ya kuchemsha na nyanya, moshi ukituwasha macho, na nje upepo ukigonga mlango. Chakula kitamu kuliko hicho sijakionja tena.

Asubuhi nilichota maji kabla ya shule. Wikiendi tulikuwa shambani, na kwa bibi shamba ndilo lilikuwa maisha yenyewe: mahindi upande wa bondeni, ulezi upande wa juu, maharage katikati. Adui yetu alikuwa nguruwe pori. Kundi moja likiingia katika mahindi yanayokomaa, ukiamka unakuta kama trekta limepita.

Babu alikuwa amefariki kabla sijapata akili za kumkumbuka. Aliacha bunduki, ya aina ambayo sijaiona tena popote. Ilikuwa ndefu, na chini ya kifyatulio ilikuwa na mkono wa chuma. Unausukuma mbele, unaurudisha, na risasi nyingine imekaa tayari. Watu walisema alishuka nayo bondeni Mtowisa akarudi na nyama ya nyati. Bibi alihangaika sana kituoni hadi kibali kikaandikwa jina lake, kwa kuwa mwanawe mkubwa, baba yangu mkubwa, alikuwa na shughuli zake mpakani Kasesya na hakutaka habari za kulinda mahindi.

Lakini babu alikuwa mrefu, na bibi alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye vidole vilivyovimba viungo kwa baridi. Akiiweka bunduki begani, kidole hakikifikii kifyatulio mpaka anyooshe shingo kama kuku anayechungulia. Mara ya kwanza kuifyatua ilimtupa chini, na mfupa wa bega ukabaki na alama nyeusi wiki mbili. Nguruwe wala hawakukimbia mbali. Mwaka ule walitumalizia nusu ya shamba, na kufika Kwaresima tulikuwa tunakula maboga asubuhi na jioni.

Ndipo bibi akaamua kuipeleka kwa fundi ikakatwe kitako, ile mbao inayokaa begani.

Baba mkubwa aliposikia alikuja kutoka Kasesya. Nakumbuka alikataa kukaa. "Mama, bunduki ya marehemu haikatwi," alisema. "Ni kama kumkata yeye mwenyewe."

Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na hakuinua kichwa. "Marehemu amepumzika," akasema. "Nguruwe hawajapumzika."

Karakana ya fundi ilikuwa ng'ambo ya njia, kibanda cha mabanzi kinachonukia mninga. Fundi wakati huo alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, penseli sikioni, na mkewe alikuwa rafiki mkubwa wa bibi. Siku ya kupima alimwambia bibi avae kwanza koti la shambani, lile koti zito aliloachiwa na babu.

"Koti la nini tena, fundi?"

"Mama, huko shambani utapigana na nguruwe ukiwa na koti, siyo ukiwa na kanga. Bunduki inapimwa ukiwa na nguo za kazi."

Akamkunjisha kiwiko, akakiegemeza kitako ndani ya kiwiko, akatazama kidole kinaishia wapi. Akachora mstari. Aliiangalia ile mbao muda mrefu, kisha akapiga ishara ya msalaba na kuanza kukata. Kipande cha upana wa vidole vitatu kilianguka kwenye vumbi la mbao, na bibi akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Kazi ilichukua kama majuma matatu. Alipunguza unene wa mbao kwa tupa na msasa, akabandika kipande kingine pale shavu linapolala, akapiga mpira wa kandambili mwishoni usiumize bega, na ule mkono wa chuma akauzungushia ngozi ya mbuzi, kwa kuwa chuma cha asubuhi kilimng'ata bibi vidole. Kila tulipokwenda alichora alama ya chaki ukutani, akamwambia neno lilelile, bunduki ikiwa tupu: "Fumba macho. Iinue. Sasa fumbua. Unaona nini?"

"Naona ukuta wako umepinda."

"Basi bado, mama."

Siku ya mwisho bibi alifumba, akainua, akafumbua. "Naona ncha ya mtutu, na ile alama yako ya chaki juu yake."

"Sasa ni yako," fundi akasema. "Mtu mwingine akiishika itamkataa."

Na kweli, ilikuwa yake. Tulisimamisha debe bovu mwisho wa shamba, akalitoboa risasi ya kwanza bila hata kuyumba. Misimu miwili iliyofuata tulivuna vizuri. Bibi aliua nguruwe kadhaa, na nyama ilikwenda nyumba zote za jirani, ya kwanza kwa fundi. Majirani wakaanza kumwomba alinde na mashamba yao. Tulikaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya mahindi, tukila viazi vya kuchoma. Mkono wa bibi ulikuwa imara, ila macho ya mbali yalikuwa yameanza kufifia. Kwa hiyo kuona ilikuwa kazi yangu. Mimi nilisema kitu kilipo, yeye alilenga. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona mtu mkubwa.

Kulikuwa na kanuni ambayo kila mtu pale aliijua: mahindi yakishapita kichwa, ukikatiza shamba la mtu unapiga mluzi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa tatu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi kama maziwa. Usiku wake nguruwe walikuwa wameingia, tuliona nyayo, na bibi alikuwa na hasira. Tulipanda dungu. Baada ya muda mabua yakaanza kutikisika upande wa kijito, na kati yake nikaona kitu cheusi kimeinama chini, kinavuta.

Nikasema, "Bibi, nguruwe. Pale, kwenye kichuguu."

Akaniuliza, "Una hakika?"

Nikasema nina hakika.

Bunduki ikalia. Kisha nikasikia mbuzi analia, na baada ya mbuzi nikasikia mtu.

Alikuwa fundi. Mbuzi wake alikata kamba alfajiri, naye alikuwa ameinama kuinasua kamba iliyojisokota kwenye mabua. Risasi ilimpiga pajani, ikavunja mfupa. Bibi aliruka kutoka juu ya dungu, mwanamke wa umri ule, akavua koti akamfunga nalo mguu. Kisha akanishika mashavu kwa mikono yenye damu, akaniambia taratibu: "Wewe hukuwepo. Ulikuwa jikoni unakoroga uji. Umesikia?" Akanituma nikaite watu.

Walimbeba kwa blanketi hadi barabarani wakapata gari la kwenda hospitali. Askari walikuja mchana. Aliponiuliza mmoja wao, nilisema nilikuwa jikoni nakoroga uji. Bibi akasema aliona mwenyewe, akalenga mwenyewe. Walimchukua pamoja na bunduki. Bibi alirudi baada ya siku kumi na moja, bunduki haikurudi. Fundi, akiwa bado kitandani, alikuwa amewaambia askari kosa ni lake, hakupiga mluzi.

Baba mkubwa alikuja tena. Alisema sentensi moja tu, mlangoni, kabla ya kuondoka: "Ingebaki ndefu kama ilivyokuwa, ungemkosa." Nadhani lile neno ndilo lililomzeesha bibi.

Mguu wa fundi haukukatwa, ila goti halikukunjika tena. Hakuweza kusimama kwenye meza ya kazi, akawa anakaa chini anachonga miiko na mipini ya majembe. Karakana ikaoza polepole. Kila mavuno bibi alimpelekea gunia la kwanza, naye alilipokea, wakaulizana habari za mvua. Habari ya asubuhi ile sikuwahi kuwasikia wakiigusa. Mimi nilipokutana naye njiani nilimwamkia shikamoo nikiangalia ardhi, naye aliitikia marahaba, mwanangu, vizuri kabisa, na huo uzuri wake ndio uliokuwa ukinichoma. Bibi alikufa nikiwa sekondari. Nilijiapiza kwamba siku moja nitamwambia fundi ukweli. Miaka ikapita nikiahirisha, likizo hii, Krismasi ile, mpaka simu ikapigwa.

Baada ya maziko nilikaa na mke wa fundi ndani, kando ya majiko ya mkaa, wanawake wengine wakiwa nje wanaosha sufuria. Nikamwambia yote. Nilisema mimi ndiye niliyeona, mimi ndiye niliyesema nguruwe.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanitazama kwa namna ya kunihurumia.

"Alijua," akasema.

Nikadhani sikumsikia vizuri.

"Alisikia sauti yako. Ukungu ulikuwa umetulia, sauti ilifika. Alisikia, 'Bibi, nguruwe.' Aliniambia kulekule hospitali. Alisema alitaka kucheka, eti leo nimekuwa nguruwe. Kabla hajacheka, risasi."

"Kwa nini hakusema?"

"Angesema ili iweje, mwanangu? Bibi yako alikuja hospitali, akapiga magoti pale, akasema mtoto hakuwepo. Mume wangu akamwambia, ndiyo mama, hakuwepo. Wakamaliza." Akasogeza mkaa kwa kijiti. "Alikusubiri lakini. Kila ukija likizo alikuwa anasema, labda safari hii. Siyo kwamba alitaka umwombe radhi. Alikuwa anaona unavyomkwepa, akasema mtoto anabeba kitu kizito bure."

Kesho yake nilipita kwenye shamba la bibi. Sasa ni viwanja. Kuna nyumba za bati za rangi na fremu ya duka, na hakuna anayelinda chochote. Nguruwe wenyewe walishakwisha zamani. Nilisimama pale nilipodhani dungu lilikuwepo, nikakosea, nikasogea, nikakosea tena. Mama mmoja alitoka nyumbani kwake akaniuliza natafuta nani. Nikamwambia hakuna, nimepotea njia tu. Akanionyesha barabara.