Gari la Mwalimu Halipati Moto

Kulikuwa na siku ambapo neno la kwanza kutoka kinywani mwa Mabonga lilitoka saa sita mchana, nalo lilikuwa "maharagwe", akimwagiza mama wa kibanda chakula kile kile cha jana. Si kwamba alikuwa mtu wa kununa. Hakuwa na wa kumwambia kitu. Nanzala, mkewe, alizikwa Kimilili mwaka wa korona, upesi upesi, watu kumi na watano wamesimama mbali mbali kama wasiojuana. Watoto walikuwa Nairobi. Walipiga simu Jumapili, wakamwuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa, kisha pande zote mbili zikasikilizana zikipumua mpaka mmoja akakumbuka kuaga. Chumba chake cha mtaa wa Langas kilikuwa na kitanda, stovu na kiti kimoja.

Uwanja wa mafundi alimofanyia kazi tangu ujana ulikuwa nyuma ya ghala la mahindi, upande wa barabara ya Kisumu. Zamani walikuwa kumi na wawili, na kelele zao zilisikika hadi lamini. Sasa wazee wamekufa au wamerudi makwao kulima. Vijana waliobaki walikaa upande wa pili, wakitengeneza magari ya Kijapani kwa kidude ambacho ukikichomeka chini ya usukani kinakusomea ugonjwa kwenye simu. Hawakumdharau. Walimwita Mzee, wakampisha njia, wakamwachia kivuli. Ila hawakumwuliza chochote. Magari ya rika lake yalikuwa yakipungua mjini moja moja, kama wazee kwenye benchi la kanisa.

Lililobaki lilikuwa Pijo ya Mwalimu Mideva.

Mwalimu Mideva alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, aliyestaafu baada ya kufundisha darasa la nne maisha yake yote. Aliishi Plateau, nje ya mji. Kila Jumamosi, au tuseme Jumamosi tatu kwa kila nne, alifika uwanjani na Pijo 504 ya rangi ya maziwa aliyoachiwa na mumewe, Mwalimu Maurice. Alikaa juani juu ya kreti, akafungua chupa ya chai, akammiminia Mabonga kwanza, kisha akafuma sweta huku akimsimulia habari za wiki nzima: redio imesema nini, mchungaji amekosea mstari gani, ng'ombe wa jirani ameingia wapi. Mabonga alisikiliza akiwa ameinamia injini. Mara moja moja alijibu. Wiki yake yote ilikuwa ngazi ya kupandia kufika hapo.

Ugonjwa wa gari ulikuwa ule ule. Asubuhi halitaki kuwaka. Mwalimu anavuta choki, ile ya kuongezea petroli injini ikiwa baridi, mpaka mwisho, stata inazunguka na kuzunguka, betri inaanza kulegea, ndipo linawaka kwa kulazimishwa. Likiwaka linatetemeka kama mtu mwenye homa, linamisi, mlio unakatika, linakohoa moshi mweusi. Choki ikirudishwa linazimika, kwa hiyo anaendesha nayo ikiwa imevutwa nusu hadi mjini. Na petroli linakunywa kama limetumwa.

Mabonga alikuwa amebadilisha plagi mara nyingi. Alikuwa amebadilisha pointi, koili, nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta. Kabureta aliifungua na kuiosha hadi akaijua kuliko kiganja chake. Kila alipotia plagi mpya gari lilipona kwa siku chache, kisha plagi zikageuka nyeusi kwa masizi na Mwalimu akarudi. Jambo moja lisemwe hapa bila kufichwa. Mabonga hakuwahi kuliharibu gari lile kwa makusudi, hata siku moja. Lakini hakuwa na haraka ya kuliponya, na hilo alilijua mwenyewe.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo Mwalimu hakufungua chupa. Alishuka akaiacha injini ikitetemeka, kwa kuogopa kuizima, akamwambia kwamba mpwa wake amempata mtu wa vyuma vikuukuu huko Turbo, anayenunua magari kwa uzito.

"Nakuachia mpaka Jumamosi ijayo," alisema. "Ikikataa tena, nampigia aje na lori. Nimechoka kubembeleza chuma asubuhi na mapema kama mtoto asiyetaka shule."

"Mwalimu, hii gari bado ina nguvu."

"Ina nguvu ya kunizeesha."

Mabonga akainama haraka asionekane uso. Alitaka kuifikia distribyuta, akausogeza kando mpira mnene wa juu, ule unaotoa maji kwenye injini na kuyapeleka kwenye rejeta. Aliushika kwa mkono mtupu. Mwalimu alikuwa akisema kitu kuhusu lori, na mkono wa Mabonga ukabaki pale pale.

Ulibaki kwa sababu haukuungua. Gari lilikuwa limetoka Plateau sasa hivi, limepanda na kushuka, na mpira ambao ungepaswa kumfanya arushe mkono na kutukana ulikuwa na uvuguvugu tu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Akazunguka akachungulia saa ya joto kwenye dashibodi. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

"Huu mshale huwa unapanda?" aliuliza.

"Haujawahi," Mwalimu alisema. "Maurice alisema umekufa."

Mwalimu alipoondoka kutafuta matatu, Mabonga alizima injini na kutafuta spana. Alijua anachokwenda kuona, lakini mikono yake ilifungua taratibu, kama ya mtu anayefungua barua ya hospitali. Chini ya kifuniko kile kidogo ambamo themostati hukaa hapakuwa na kitu. Palikuwa na shimo tupu, na gasketi iliyokatwa kwa gamba la rejista ya shule, sehemu yenye mistari ya kuandikia majina. Hakuna fundi mwingine mjini aliyekuwa na gamba la rejista ya shule. Mwalimu Maurice ndiye aliyempa Mabonga gamba hilo akatie gasketi, miaka mingi iliyopita.

Sasa yote yakarudi. Mwaka huo Maurice alikuwa amehamishiwa shule moja kule chini bonde la Kerio, na kila Ijumaa akipanda kurudi nyumbani gari lilichemka kwenye mawe ya Tambach. Mabonga alifanya jambo ambalo mafundi wote wa nchi hii hulifanya bila kufikiri mara mbili. Themostati ni kama mlango mdogo ndani ya bomba. Injini ikiwa baridi mlango unajifunga, maji yazunguke humo humo yapate moto. Yakishapata moto unafunguka, maji yaende kupoa kwenye rejeta. Gari likichemka, fundi anaung'oa mlango na kuutupa, maji yapite kutwa kucha. Gari halikuchemka tena. Maurice alimsifu kwa watu. "Ukirudi huku juu tutairudisha," Mabonga alimwambia. Baada ya miaka miwili Maurice alirudi kufundisha Plateau, kwenye baridi hii ya kufanya mikono ishindwe kufunga vifungo vya shati, na hakuna aliyekumbuka. Injini ikawa inaendeshwa kila siku bila kupata moto, inadai choki, choki inaleta masizi, masizi yanaua plagi. Kwa miaka yote hiyo Mabonga alikuwa akitafuta kilichoharibika. Hakuwahi kufikiria kukitafuta kile alichokitengeneza.

Jumatatu alikwenda kwenye duka la vipuri la Hussein, Msomali aliyemjua tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Hussein alipanda ngazi, akapekua boksi lenye vumbi, akashuka na themostati ya 504 akiishikilia mbali na shati lake.

"Miaka thelathini nauza hapa," alisema. "Mafundi wananiletea hizi niwawekee watoto wachezee. Leo Mzee Mabonga ananunua?"

"Nairudisha kwenye gari ya mtu."

"Nani alikuwa ameitoa?"

Mabonga aliangalia mlango wa duka. "Fundi fulani," alisema.

Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia mabati, aliingia ndani ya gari na kuvuta choki robo tu. Stata ilizunguka mara moja. Injini ikawaka, ikapanda, ikatulia; baada ya dakika chache akairudisha choki yote ndani na injini haikuzimika. Mmoja wa vijana wa upande wa pili aliinua kichwa kusikiliza, kisha akarudi kwenye simu yake. Mabonga alikaa nyuma ya usukani akiutazama mshale ukijinyanyua, na hakuona raha.

Siku zilizobaki alizitumia kutafuta maneno. Angeweza kusema ni kabureta. Mwalimu angeamini, angecheka, angekuja Jumamosi moja moja na chupa yake hata kama gari ni zima, kumsalimia fundi aliyemwokolea gari la marehemu. Watu hufanya hivyo. Ukweli nao ulikuwa mfupi sana: ni mimi. Baada ya kuusema hakumwona tena Mwalimu juu ya kreti na sweta yake. Alhamisi alikuwa ameamua kabureta. Ijumaa alilala nayo hiyo hiyo kabureta, na usingizi haukuja.

Mwalimu Mideva alifika Jumamosi saa tatu, akiwa na namba ya mtu wa Turbo kwenye karatasi. Mabonga alimpa ufunguo. Gari lilipowaka kwa mguso mmoja, Mwalimu alilizima, akaliwasha tena, kama anayehofia ameota. Kisha akacheka, kicheko cha msichana, akashuka na chupa ya chai.

"Mzee wangu, leo unakunywa vikombe viwili. Ilikuwa nini?"

"Kabureta," Mabonga alisema. Alimwona akimimina chai, mvuke unapanda kwenye miwani yake, na akashindwa kuendelea. "Hapana. Si kabureta, Mwalimu. Ni mimi."

Alimweleza yote, vibaya vibaya, akirudi nyuma na kurukia mbele: Kerio, mlango mdogo, ahadi ya kuurudisha, plagi zote ambazo hazikuhitajika. Hata lile la kutokuwa na haraka alilisema, ingawa hakuwa amepanga kulisema. Alipomaliza, Mwalimu alikuwa ameshikilia kikombe na hakuwa amempa.

"Ingia," alisema. "Nataka kuuona huo mshale."

Walishika barabara ya Plateau, yeye akiendesha, Mabonga pembeni na mikono magotini. Injini ilivuma sawasawa. Mshale ulipanda polepole, ukafika katikati, ukasimama. Mwalimu aliutazama mara nyingi kuliko barabara. Mashamba ya mahindi yalikuwa yakipita, mpaka walipofika njia panda ambapo aliegesha pembeni, injini ikiendelea.

"Mwaka wa mwisho wa Maurice," alisema, "alikuwa anaamka saa kumi na moja kuwasha hii gari. Na sukari yake, na miguu ile. Mimi niko kitandani, nasikia stata, nasikia stata. Nilikuwa namwambia hajui kuendesha. Nilimwambia mbele ya watoto, Mabonga. Kwamba mwanaume mzima hajui kutumia choki."

Mabonga aliutazama mshale.

"Naye alikubali," Mwalimu alisema. "Alisema pengine ni kweli, pengine mkono wake ni mbaya. Alikufa akijua hivyo."

Alitoa karatasi yenye namba ya Turbo, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kisahani cha majivu. Hakulia. Aliondoa miwani na kuipangusa kwa pindo la leso, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Umefanya vizuri kuniambia. Lakini sijui kama naweza kukaa pale kwako tena. Shuka hapa, tafadhali. Nikifika na wewe mpaka nyumbani nitasema kitu nitakachojutia."

Mabonga alishuka. Alifunga mlango kwa uangalifu, kama anavyofunga siku zote, akausukuma kidogo kuhakikisha. Mwalimu aliingiza gia na Pijo ikaondoka, nyepesi, bila moshi, na Mabonga akasimama kwenye majani akiisikiliza. Injini iliyopata moto ina sauti yake, ya chini, isiyodai kitu. Aliifuata kwa masikio hadi mteremkoni, na ng'ambo ya mteremko, na bado kidogo.

Matatu ya kurudi mjini ilisimama, kondakta akampigia kelele apande. Akampungia mkono iende. Kisha akakumbuka kwamba spana zake zote ameziacha juu ya kreti, uwanjani, hakuna wa kuziangalia, akaanza kutembea haraka kurudi mjini.