Hatua Ishirini Mbele

Wateja walimwita mke wangu Mama Vifungo. Mimi nashona, yeye anapiga vifungo, anakunja pindo, anakata nyuzi zinazoning'inia. Miaka thelathini na minne tulifanya kazi kwenye chumba kimoja, cherehani moja, meza moja ya kukatia. Nguo ikitoka bila kupita mikononi mwake, mteja aliirudisha.

Kutoka nyumbani hadi dukani ni mwendo wa robo saa. Kila asubuhi tulitoka pamoja, mimi na funguo, yeye na chupa ya chai. Pamoja ni neno tu. Mimi nilitangulia. Nikishafunga mlango wa nyumba, kichwa kimeshafika dukani: suruali ya mwalimu, gauni la bibi harusi, ile kola iliyonishinda jana. Miguu inafuata kichwa. Yeye yuko nyuma, hatua ishirini, anaongea. Asiyetujua angedhani anaongea peke yake.

"Mzee, unasikia?"

"Mm."

"Nimesema nini?"

"Si umeshasema."

Anacheka. Majirani aliwaambia, "Mimi nimeolewa na kisogo. Siku mkinionyesha uso wake sokoni, nitauliza huyu nani."

Nikifika nilifungua kufuli, nikafunua cherehani, nikatia mafuta, nikaketi. Yeye aliingia baadaye. Zamani dakika tano, siku za mwisho kumi, hata kumi na tano. Nilijua ni maongezi ya njiani. Siku moja nikamwambia, "Mdomo wako una vituo vingi." Akamimina chai.

Asubuhi ya mwisho alinisemesha tulipokaribia kona ya ukuta wa shule. Nikasema mm. Alichosema sikukisikia. Mchana wake alilaza kichwa mezani, sindano iko mkononi. Nikadhani amesinzia. Nilimaliza kuunga mkono mzima wa shati ndipo nikamwita.

Sasa ni miezi saba tangu tumzike. Watu wananiuliza usiku nalalaje. Nalala. Kinachonila ni yale maneno ya kwenye kona. Mtu kaniambia jambo, nimemkubalia, na sijui nimekubali nini. Nilimwuliza binti yetu kama mama yake aliwahi kumdokezea chochote.

"Baba, mama alikuwa anaongea kutwa. Huenda ilikuwa bei ya nyanya."

"Huenda."

"Sasa ukijua itakusaidia nini?"

Nilitaka tu kujua, hata kama ni nyanya.

Juma lililopita kiatu changu kiliachia soli njiani. Pale kwenye kona, chini ya ukuta, anakaa fundi viatu tunayemwita Kisigino. Nimempita miaka nenda rudi, nampungia mkono, basi. Siku hiyo ikanibidi nisimame. Akapokea kiatu, akanisogezea kigoda.

"Kaa, mzee. Ndicho kiti cha Mama Vifungo hicho."

"Chake kivipi?"

Akanitazama, brashi ya gundi iko hewani. "Si ndipo alipokuwa anapumzika kila asubuhi? Kifua kilikuwa kinambana. Kwani hukujua?"

Nikakaa kwenye kigoda.

"Mwaka na zaidi, mzee. Anakaa, anavuta pumzi, ananipigia stori. Anasema, 'Acha nipumue, gari langu limeshapita, halina breki.' Namwambia mwite basi akungoje. Anasema, 'Nikimwita atageuka na uso wa suruali za watu. Mwache.'"

Nikamwuliza kuhusu siku ile ya mwisho.

Alipaka gundi, akakibana kiatu, akakiweka kando. "Siku ile alikaa sana. Alisema, 'Nimemwambia leo twende taratibu, tuongozane. Amekubali kabisa. Kasema mm.' Halafu akanionyesha kwa kidole. Wewe uko kule kwenye nguzo ya umeme, ndio kwanza unazidisha mwendo. Akacheka mpaka akajishika kifua. Na mimi nikacheka. Nisamehe, mzee, nilicheka."

"Ulikuwa na haki."

Basi, ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Hakuomba gauni, hakuomba safari. Aliomba robo saa, nikampa kwa mdomo, nikaondoka nayo kwa miguu. Na angeniambia habari ya kifua mara ngapi? Pengine aliniambia. Pengine nilisema mm.

Kisigino akasema gundi inataka nusu saa kushika. Simu ikaita, mteja yuko mlangoni dukani ananingoja. Nikamwambia nitachelewa.

"Hizo stori," nikamwambia Kisigino, "alikuwa anakupigia zipi?"

"Nyingi, mzee. Nyingine zako wewe."

"Nipe hata hizo."

Kabla hajaanza akaja dada mmoja na ndara imekatika ukanda. Nikangoja. Nikamtazama Kisigino anavyotoboa, anapitisha uzi, anauvuta kwa meno, anakaza fundo. Dada akavaa, akaijaribu kwa hatua mbili, akaenda zake.

"Haya. Kuna asubuhi alikuja anacheka tangu mbali," akaanza. "Alisema ulikuwa umevaa shati..."

Lori likapita, likameza maneno. Nikamwomba arudie.