Mama Kawekwa Kwenye Starehe

Jumamosi nilikuwa mgahawani mtaa wa Biryogo nakunywa chai. Meza ya jirani, kijana mwenye fulana ya kampuni alikuwa akimfundisha mwanafunzi wa chuo kutumia programu ya simu ya kupanga matumizi ya buruse yake, ile pesa ya masomo. Programu ilikuwa imeshazipaka rangi nyekundu pesa anazomtumia mama yake kijijini Gahanga kila mwezi, na juu yazo imeandika: Starehe.

"Mama si starehe," msichana akasema. "Nimuweke wapi?"

"Weka kwa zawadi, dada."

"Zawadi nayo iko ndani ya starehe."

Kijana akajikuna shingo. Msichana akateremsha orodha kwa kidole gumba, kisha kidole kikasimama.

"Chakula cha mbwa iko?"

"Iko."

"Ya mama?"

"Hiyo hakuna. Ukipunguza hizo nyekundu, utaweka akiba."

Kuna mtu alikaa ofisini akamkumbuka mbwa, akamsahau mzazi, halafu anatuma watu waje kuwafundisha watoto wetu nidhamu ya pesa. Hapa kwetu mtoto akipata buruse, nyumba nzima imepata. Asiyejua hilo atamfundisha nani hesabu?

Msichana akamhamishia mama yake kwenye Kodi ya Nyumba, na ile rangi nyekundu ikatoka.

"Lakini wewe unalala hosteli," kijana akamwambia.

"Nilikaa tumboni mwake miezi tisa," akajibu, akifunga mkoba wake. "Bado sijalipa."