Mnizike Getini

Mkuu wa kwanza wa chuo chetu cha ufundi, kule juu ya Elburgon, alivumilia muhula mmoja akatoroka. Wa pili alikuwa Kibii, na huyo alikaa mpaka akafa. Alinifundisha useremala, na leo nafundisha palepale, kwa hiyo asije mtu kuniambia hakikuwa chuo. Tulisomea kwenye banda la mabanzi yaliyotupwa na viwanda vya mbao, sisi watoto wa watu waliofukuzwa msituni, tuliokataliwa kwingine kote.

Mkewe, Chelangat, alilima viazi na kulea watoto peke yake. Akimfuata mumewe chuoni, aliambiwa angoje kwenye benchi, Mwalimu ana wageni. Mara nyingine alirudi nyumbani bila kumwona.

Kosa la Kibii lilikuwa moja, na linanikera hadi leo. Mzee Kipkemei alipotupatia shamba la kujenga chuo, alitamka tu mbele ya wazee wenzake, wakanywa maziwa ya mursik, yakaisha. Kibii hakuwahi kumwomba hati. "Nimdai karatasi, kwani ni mwizi?" aliniuliza. Mzee alipofariki, wanawe walipata mnunuzi kabla hata matanga hayajaisha.

Wakati huo Kibii alikuwa na saratani ya koo, hata uji haupiti. Alituita, mkewe na mimi, akanong'ona, "Mnizike chuoni. Pale getini."

Tulimwelewa. Huku kwetu mtu huzikwa kwenye ardhi yake. Kaburi likishakuwapo, mnunuzi huogopa, na hata hakimu hufikiri mara mbili.

"Baba Jepkosgei," Chelangat alisema, "nimekuwekea nafasi nyumbani, kando ya kaburi la mtoto wetu."

"Jepkosgei ni mmoja. Hawa wa chuoni ni wengi."

Nilimpenda mzee yule, lakini siku hiyo nilitamani kumzaba kofi.

Alipokufa, ndugu zake walichimba kaburi nyumbani, Keringet, na hakuna ambaye angewalaumu. Neno lilibaki la mjane. Asubuhi ya mazishi alisimama kando ya jeneza nililolitengeneza kwa mikono yangu, akalitazama kwa muda mrefu.

"Mpelekeni kazini," akasema.

Mnunuzi alikuja na mpimaji wa ardhi wiki iliyofuata. Aliona udongo mbichi na msalaba, akarudi kwenye gari lake. Hatujamwona tena, na chuo kipo.

Majuzi Chelangat alikuja na jembe kupalilia kaburi. Getini palikuwa na bawabu mpya.

"Mathe, umekuja kuona nani?"

"Mkuu wa chuo."

"Ako na wageni. Ngoja hapo kwa benchi."

Nilipotoka karakana nilimkuta ameketi, jembe miguuni, kaburi la mumewe mbele yake. Nilipandwa na hasira, nikaanza kumfokea yule bawabu.

"Mwache," Chelangat akaniambia. "Mimi nimezoea."