Salamu zangu zilivyowanyima panya usingizi

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenipata mwenyewe hapa Gungu, Kigoma. Mashahidi wangu wengi ni panya, kwa hiyo itabidi mniamini tu.

Nina umri ambao bodaboda wananiita babu, lakini bado ni mwanafunzi wa uzamivu. Chuo kilinipa nyongeza ya mwisho ya muda. Ikiisha bila tasnifu, narudi nyumbani na kipara tu.

Utafiti wangu ni wa tezi ya pineali, kitezi kidogo ndani ya ubongo kinachotoa homoni ya usingizi giza likiingia. Nataka kujua msukosuko wa mwili unakifanya nini.

Basi kundi moja la panya weupe nikawa naliogelesha kwenye beseni kila siku, hapa hapa nilipopanga. Kundi la pili kazi yake ni kula na kustarehe, ili nipate cha kulinganisha.

Majibu ya mikojo yao, niliyotuma ipimwe hiyo homoni, yakarudi kutoka maabara. Makundi yote mawili yamevurugika!

Msimamizi wangu akapiga simu. "Mzee mwenzangu, hao wanaostarehe wanaogopa nini?"

"Sijui, Profesa."

"Basi jua. Sampuli zijazo zikiwa hivi, tunafunga utafiti."

Wakuu, usingizi ukanihama mimi. Nikashuku paka. Nikashuku harufu ya dagaa wa jirani. Nikaziba madirisha, nikawa natembea na soksi ndani kama mwizi aliyejiibia.

Asubuhi moja nimeinama kwenye kizimba cha wastarehe, Mama Joyce, mwenye nyumba wangu, akatokea mlangoni. Ni Muha haswa: salamu yake ni kuinama kidogo na kupiga makofi polepole.

"Mwakeye, Mwalimu."

Panya wakasimamisha masikio, basi.

Nami mtu wa kuja, ninayejivunia kuijua mila, nikamjibu kwa makofi yangu ya kila siku. Pa! Pa! Pa! Panya wakarukia wavu, wakakanyagana, mmoja akajificha chini ya bakuli la maji.

Mikono ikanibaki hewani.

"Mama Joyce, naomba tusisalimiane kwa makofi hapa."

"Ee! Udaktari umeshaupata? Salamu zetu zimekuwa ndogo?"

"Panya wanashtuka, mama."

"Kwa makofi yangu? Wewe ndiye unayepiga kama unafukuza nyani shambani! Nilinyamaza, nikasema huyu mgeni."

Akaondoka amenuna. Hofu ikawa mbili: tasnifu na chumba. Akinifukuza, vizimba nitavipeleka wapi, Ujiji msikitini?

Jioni nikamfuata kuomba radhi. Akakubali salamu zihamie getini, kwa sharti nijifunze kupiga kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alinifundisha mbele ya wapangaji wote, wakicheka.

Nikatuma sampuli mpya. Simu ikilia, naitazama kama nyoka. Hata panya waliokuwa wakiogelea walionekana na amani kuliko mimi.

Jana alasiri Profesa akapiga. "Wastarehe wametulia. Tofauti inaonekana. Andika."

Wakuu, nikapiga makofi kwa furaha. Nyuma ya ukuta nikasikia vizimba vikitikisika.

Funzo nililopata: ukitafuta kinachowatisha viumbe nyumbani mwako, anza kwa kukagua mikono yako.

Waha mliomo humu, kuna namna ya kushangilia kwa adabu? Leteni maoni, ila taratibu.

Wamelala.