Matanga ya Mtu Asiyezaliwa

Katikati ya mwaka 2013 Pascasie alikuwa ameshamaliza riwaya kumi na nane, na hakuna hata moja aliyoiandikia mezani. Meza ya chumba chao cha kupanga pale La Rochelle, Johannesburg, ilichukuliwa na televisheni, na televisheni ilikuwa ya Égide, mumewe. Yeye aliandikia kwenye ubao wa kupigia pasi. Aliushusha miguu mpaka ukalingana na magoti, akakaa kitandani, akafungua kaunta buku. Ilikuwa saa mbili asubuhi, Égide amekwenda kulinda magari Fordsburg, binti yao Fiona yuko shule. Aliandika kurasa nne, mpaka saa nne na nusu alipolazimika kukimbilia saluni kusuka. Ilikuwa hivyo kila siku isipokuwa Jumapili. Hakuwahi kungoja eti apandwe na maneno. Waandishi wa kungoja kupandwa na maneno wana watu wa kuwafulia.

Mazungumzo ya wahusika aliyajaribu kwanza kwa sauti, huku akimenya viazi, sauti nene ya mume, nyembamba ya mke, hata wapangaji wenzake waliwahi kumgongea mlango wakidhani anapigwa. Na alijiwekea sharti: kila kipande kiwe na kitu kimoja alichokiona kwa macho yake. Muuza nyanya aliyesinzia pale kwenye robot ya barabarani, taa imewaka kijani na magari yanampigia honi. Beseni lenye ufa. Bila hivyo, alisema, uongo hausimami.

Saluni, mteja akiwa chini ya draya, alikinakili kipande kwenye simu na kukipandisha Facebook, kwenye ukurasa wake wa Simulizi za Mama Fiona. Wakongo, Watanzania, Wakenya na Warundi wenzake walimsoma, kila mmoja akilalamika kwamba Kiswahili chake si kile cha kwao, na kila mmoja akirudi kesho. Égide hakumsoma. Alisema hadithi ni mambo ya watoto.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Égide hakuwa mlevi wala mpigaji, na kodi alilipa. Ila aliingia nyumbani kama mtu anayekagua ghala. Aliangalia kama vitu vyote vipo, akala, akalala. Na alikuwa na faili. Walipofika nchi hii kutoka Bujumbura mwaka 2008, faili la ukimbizi lilifunguliwa kwa jina lake, Pascasie na mtoto wakaandikwa ndani yake. Kila baada ya miezi sita walikwenda Pretoria kuongezewa muda, na mwenye faili lazima awepo. Asipokuwepo, karatasi ya mke inakufa. Karatasi ikifa hakuna saluni, hakuna shule ya Fiona, na polisi wa kona yoyote anaweza kumpakia garini. Pascasie aliwahi kuuliza kama anaweza kupata faili lake mwenyewe. Aliambiwa maneno mengi, na mwisho wa yote ulikuwa: njoo na mumeo.

Riwaya ya kumi na tisa ndiyo iliyomleta Bakiri.

Bakiri alikuwa fundi saa, mume wa Tumu. Hakuwa tajiri wala mzuri wa sura. Alimchotea mkewe maji ya kuoga. Akirudi kazini alivua viatu, akakaa, akauliza, "Umeshindaje?" Kisha, na hapa ndipo wanawake walipolegea viungo, alingoja jibu. Kufikia kipande cha sitini wasomaji walikuwa elfu ishirini. Bosibori, Mkenya mfanyakazi wa benki hapohapo mjini, alimwandikia kwamba humsoma Bakiri chooni, maana ofisini anaona haya kulia.

Habari zikafika kwenye maegesho ya Fordsburg. Walinzi wenzake Égide wakaanza kumwita mke mwenza wa Bakiri. "Kaka, jana Bakiri kapika. Wewe umebakishiwa?" Siku ya kwanza Égide alicheka. Siku ya tatu hakucheka. Jumapili hakwenda kanisani. Alijilaza na simu akasoma vipande vyote sitini na kimoja, midomo ikimcheza, mpaka jua likazama.

"Huyu mtu ni nani?" akauliza.

"Hayupo, Baba Fiona. Nimemtunga."

"Usinidanganye, sha. Beseni lenye ufa ni letu. Pazia la maua ni letu. Kikohozi cha Tumu ni chako. Kila kitu cha humu ndani kimo, isipokuwa mimi."

Ilikuwa kweli, na Pascasie mwenyewe hakuwa ameiona.

Wiki nzima Égide alizunguka Fordsburg akitafuta fundi saa anayefahamiana na mkewe. Akapata mafundi watatu, wote hawamjui. Mmoja alikuwa mzee wa Kihindi wa miaka themanini, akamuuzia betri. Alirudi na betri mfukoni na hasira imeongezeka.

"Tarehe kumi na nane nakwenda Pretoria," alisema. "Huyo mtu akiwa bado hai, nakwenda peke yangu."

"Baba Fiona, ni hadithi!"

"Basi kumuua si dhambi."

Zilibaki siku tisa. Pascasie akajaribu ujanja, akampeleka Bakiri safari ya mbali. Égide, ambaye sasa alisoma kila jioni kabla hata ya kuvua kofia ya kazi, akasema safari si kifo. Pascasie akamtia Bakiri gerezani. Égide akasema gerezani watu hutoka. Pascasie hakulala vizuri siku hizo. Aliona karatasi yake machoni, na tarehe iliyogongwa chini yake.

Ijumaa ya tarehe kumi na nne alikaa kwenye ubao wake wa pasi, akamuua Bakiri kwa homa ya siku mbili. Alikwisha kuua watu wasiopungua thelathini katika riwaya zake, wengine kwa raha kabisa. Huyu alimlilia mpaka wino ukatawanyika, ikabidi aandike ukurasa upya. Alijichukia. Alimchukia na Égide, kisha akaogopa chuki ile, akapiga kofi kaunta buku kuifunga, akaenda kazini.

Kesho yake watu wakaja.

Wa kwanza alikuwa Mama Yolande, msusi mwenzake wa saluni, mtu wa Bukavu, na sufuria ya wali kichwani. "Kilio ni kilio," alisema akivua viatu. "Ule bwana hatukumuzika, lakini tutamulilia." Nyuma yake wakaingia wengine kumi, kisha ishirini, na mikeka na mablanketi, maana Juni ya Johannesburg haina huruma. Bosibori alifika na gari na kreti mbili za soda. "Mama Fiona, najua ni story tu. Lakini tangu jana chakula hakiingii. Nikae wapi?" Wakaimba. Fiona alizunguka akiuliza kwa Kiingereza ni nani amekufa, na watu wazima wakatazamana.

Égide alirudi saa kumi, akakuta ua umejaa. Wanaume waliokaa kando ya ukuta wakasimama wote, wakampa mkono. "Pole sana, Baba Fiona." Angefanyaje? Nyumba ya msiba ni yake, basi mfiwa ni yeye. Wakamsogezea kiti cha mbele, akakaa. Wanawake wakasimama mmoja mmoja kumtolea marehemu ushuhuda: siku aliyomfunika Tumu kwa koti lake yeye akatetemeka, siku aliyouza redio amnunulie dawa, siku aliyoomba msamaha kabla ya kuambiwa kosa. Égide alisikiliza bila kuinua macho. Pascasie alimwangalia kutoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akathubutu kutumaini. Labda mtu huyu alihitaji kuonyeshwa tu.

Wageni walipotawanyika, Égide alibaki kwenye kiti kilekile.

"Mimi nikifa," alisema, "watalia hivi?"

"Watalia."

"Usinidanganye."

Pascasie akamwonea huruma, huruma ya kweli. Alitaka kumshika bega.

"Jumatatu anza nyingine," Égide akasema. "Mume aitwe Égide. Alinde magari. Yale yote ya Bakiri, ayafanye yeye."

"Ayafanye yeye, au uyafanye wewe?"

"Wewe andika."

Jumatatu akaandika. Jumanne wakaenda Pretoria wote watatu, karatasi zikaongezewa muda mpaka Desemba.

Riwaya ya ishirini ilipendwa kuliko zote. Pascasie alijua kazi yake, na mtu anayejua kazi yake hawezi kuiharibu hata akitaka. Jioni Égide alikisikiliza kipande cha siku, akakirekebisha. Mwongezee urefu kidogo. Asiongee sana, ila akiongea watu wanyamaze. Kwenye maegesho sasa walimwita mzee. Kanisani akina mama walimsalimu kwa mikono miwili, na kuna waume waliotumwa na wake zao wakamwombe ushauri, naye akawashauri. Nyumbani aliingia vilevile, akaangalia kama vitu vyote vipo, akala, akalala. Pascasie alipotaka kuifunga riwaya kwenye kipande cha themanini, mumewe alimkumbusha tu jina la mwezi wa kurudi Pretoria: Desemba.

Siku moja ya Novemba, yeye na Mama Yolande walikuwa wakisuka kichwa kimoja, mmoja kushoto, mmoja kulia. Pascasie akaanza kusema.

"Mama Yolande, nimechoka. Mume wangu haniulizi neno. Siku akiamua asinipeleke Pretoria nimekwisha, na mwenyewe ananiambia hivyo waziwazi. Sina pa kupita, dada yangu."

Mama Yolande alicheka mpaka kitana kikamdondoka. "Weye! Bwana wa kukufunika na koti yake?"

"Hajawahi. Nimeyatunga."

"Bakiri njo ulimutunga, ule tunajua. Huyu iko na jina yake, iko na kazi yake, tunamuona kila Jumapili kwa macho. Acha, Mama Fiona, Mungu atakasirika. Benye shida ni shiye, si weye."

Mteja, kichwa kikiwa kimeinamishwa kati yao, akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye ana swali, ila asichekwe: huyo Égide hana kaka?

Pascasie akafungua mdomo. Akaliona kila neno ambalo angelisema, na kila jibu ambalo wangempa, na majibu yote alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe, kurasa nne kwa siku.

"Hana," akasema, akachukua nywele nyingine.