Alichosema Bi Shariffa

Lamya binti Yaqoob ameandika katika kitabu chake kwamba mama yangu, Pelagia, aliwakabidhi watoto wawili kwa watu wenye mapanga. Ni uongo. Mama yangu aliwaokoa watoto wale. Mmoja wao ndiye Bi Shariffa, bibi yake Lamya mzaa baba, ambaye mimi nilimuuguza hapa Maskati mpaka siku niliyofukuzwa kwa ajili ya kitabu hicho.

Kitabu ni cha Kiingereza. Mimi shule niliiacha darasa la pili, kwetu Masasi, na kusoma kwangu ni Kiswahili tu, tena polepole. Siwezi kujibu kitabu kwa kitabu. Nitaeleza Bi Shariffa alikuwa mtu gani na alisema nini, maana aliposema nilikuwepo.

Alizaliwa shamba, Unguja, baba yake Mwarabu mwenye duka la mchele na mafuta ya taa. Mama yake alifariki akimzaa mdogo wake wa kiume. Mama yangu alikuwa ametoka bara kuchuma karafuu, wakamchukua kulea kile kichanga, akawalea wote wawili. Mwaka wa mapinduzi watu wenye mapanga wakafika. Wakamtoa mwenye duka na wanawe, wakawasimamisha uani. Bi Shariffa alikuwa msichana mdogo, hajavunja ungo.

Mama yangu akaenda pale uani akasema, "Hawa wawili ni wanangu."

Mmoja akamuuliza, "Wanao? Mbona weupe?"

"Kamuulizeni mwenye duka."

Wale watu wakacheka. Wakacheka sana, wakamwachia watoto. Mwenye duka alikuwa amesimama palepale, mtu wa sala tano, amesingiziwa zinaa mbele ya wanawe. Hakukana. Aliinamisha kichwa, na Bi Shariffa aliniambia kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona baba yake: kichwa kimeinama, kimya, akiwaachia wanawe waende na uongo ule. Mama yangu akambeba yule mdogo mgongoni, akamshika Shariffa mkono, akawafikisha mjini kwa shangazi yao. Baba hakuonekana tena.

Miaka ikapita, ndugu wakawaleta Omani. Bi Shariffa akaolewa, akazaa, akafiwa na mume akiwa bado kijana. Akashona kofia. Huku kila mwanamume huvaa kofia za kudarizi, na za mkono wake zilijulikana, vitobo vidogo kama vya chekeche la unga. Kwa sindano hiyo alimsomesha Yaqoob mpaka akawa mtu mkubwa serikalini. Yeye mwenyewe hakujua hata kuandika jina. Akikasirika alisema Kiarabu, akiumwa alisema Kiswahili, kwa hiyo mtu aliyekuwa chumba cha pili alijua la kumletea, maji au dawa.

Na hakumsahau Pelagia. Simu za mkononi zilipoenea alimsaka kupitia mapadri wa Ndanda, akampata, wakawa wanazungumza kila Ijumaa. Mama yangu alipokufa, Bi Shariffa akaniita mimi. Nilipofika nyumbani kwake Azaiba, mkwewe Wadha, mke wa Yaqoob, alinionyesha chumba changu nyuma ya jiko. Bi Shariffa akasema, "Huyu analala kwangu. Mama yake alilala na mimi miaka saba, mwanawe atalala wapi?" Wadha hakulipenda hilo, lakini bi mkubwa alikuwa bado bi mkubwa.

Miaka kumi na mbili nikawa naye. Nilimwogesha, nikampaka mafuta, nikamtilia uzi kwenye sindano macho yalipoanza kumpotea. Aliniita mwanangu. Nami, niseme kweli, nilimpenda kuliko nilivyompenda mama yangu, kwa sababu mama yangu alikuwa mkali na huyu alikuwa na mzaha.

Lamya ni mtoto wa Yaqoob. Alisoma Uingereza, sasa anafundisha chuo. Kazi yake ni vijitabu vya kale, vya karibu miaka mia nne, vya vita vya Waingereza na Waayalandi. Alikuwa akija kukaa nasi alasiri, mimi ananiita khala, yaani mama mdogo, anatuonyesha picha za vijitabu hivyo kwenye simu.

"Vita vilipiganwa Ayalandi, Bibi, lakini vijitabu vilichapwa London na kuuzwa njiani kama karanga. Kila kimoja kinataka kuwa na damu kuliko mwenzake."

Bi Shariffa aliisogeza ile simu karibu na jicho. "Huyu askari si yule wa jana?"

"Ndiye. Picha ilichongwa kwenye ubao mmoja. Wiki hii wanaipiga chapa kwa mji huu, wiki ijayo kwa mji mwingine."

"Basi kachoka, maskini. Anjelina, mtilie chai."

Tulicheka. Siku nyingine Lamya akatusimulia habari ya mjane wa Kiingereza aliyekimbia vita vile. Makarani walimhoji, akawaambia kwamba mauaji fulani aliyasikia kwa watu. Kijitabu kilipotoka kikasema aliyaona kwa macho yake. Tena aliwaambia kwamba njiani, akiwa hana kitu, mwanamke wa Kiayalandi alimpa maziwa, mtoto wake akapona.

"Na huyo wa maziwa wamemwandikaje?" Bi Shariffa akauliza.

"Hayumo kabisa. Adui mwenye huruma hauziki, Bibi."

Bi Shariffa akaweka kofia mapajani. "Basi wamemfanya yule mjane mtovu wa fadhila. Yeye kataja, wao wamefuta." Kisha akasema, "Niandike na miye, Lamya. Nna habari yangu. Lakini Pelagia umtie."

"Nitamtia, Bibi."

Na kweli kamtia.

Lamya aliweka simu juu ya mto ili ichukue sauti. Mimi nilikuwa pembeni nakunja nguo. Nilisikia kila neno. Bi Shariffa alisimulia duka, uani, mapanga. Alipofika pale pa mama yangu akaniangalia, akaangalia simu, akapita juu juu. Alisema hivi: "Pelagia akasema nao, wakacheka, akatutoa kwa wale watu wenye mapanga. Baba akabaki."

Basi. Lile la "kamuulizeni mwenye duka" hakulisema. Alimwonea haya baba yake. Alikuwa ameniambia mimi peke yangu, chumbani, wala hata mwanawe Yaqoob hakuwahi kumwambia.

Baada ya hapo kiharusi kikampiga. Upande mmoja ukafa, na maneno yakaondoka yote, ya Kiarabu na ya Kiswahili. Alibaki na jicho moja la kusemea. Mimi nililijua lile jicho: hili kiu, hili joto, hili nigeuze.

Kitabu kilipotoka Yaqoob alifanya karamu. Wanawake walijaa majlisi, sebule ya wageni, Lamya akawaeleza kitabu chake kwa Kiarabu, akaanza na Waayalandi, akafika kwa bibi yake. Mimi nilikuwa napitisha kahawa. Kiarabu changu ni cha jikoni na sokoni. Nikasikia "Pelagia", moyo ukaruka. Halafu nikasikia "sallamathum". Nikaona ni salama hiyo. Nikaona anawaambia wageni kwamba Pelagia aliwasalimisha watoto. Mama yangu, mchuma karafuu, anatajwa mbele ya wake wa wakubwa! Nikasimama katikati ya majlisi na birika langu, nikatabasamu.

Wote wakaniangalia. Wadha akasema kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri, "Tazameni, anacheka. Kama mamake alivyocheka nao."

Sikumwelewa. Nikamfuata jikoni, nikamuuliza, "Mama Lamya, nimekosa nini?"

"Sallama ni kukabidhi, Anjelina. Kama unavyokabidhiwa funguo. Mamako aliwakabidhi watoto kwa wauaji, wakapona kwa bahati. Na sisi tumekulisha miaka yote hii."

Birika bado lilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki nililiweka wapi.

Kesho yake nikamkabili Lamya chumbani kwa Bi Shariffa. Nilimwambia, "Mwanangu, umekosea. Bibi alisema alitutoa kwa watu wenye mapanga. Ndiyo aliwaondoa mikononi mwao."

"Khala Anjelina, kutoa ni kupa. Toa zaka. Toa sadaka. Nimelisikia neno hili tangu mdogo."

"Na aliyetumbukia kisimani akitolewa, kapewa nani?"

"Maneno yanakubali njia zote mbili, sikatai. Lakini Bibi kasema walicheka. Nani anacheka na wauaji? Na mtumishi wa bara angewapitishaje watoto wa Kiarabu? Kwa maneno gani?"

Nikamwangalia Bi Shariffa. Jicho lake lilikuwa limenikazia. Sikujua linasema sema au linasema nyamaza. Hilo peke yake ndilo jicho lake ambalo sikulijua.

Nikasema. Nilisema vile mama yangu alivyosema, neno kwa neno. Sikuona kwamba Yaqoob alikuwa ameingia.

"Unasema nini wewe?"

"Bwana Yaqoob, ilikuwa hila ya kuwaokoa..."

"Babu yangu na khadama? Ndani ya nyumba yangu, mbele ya mama yangu mgonjwa, unasema babu yangu alizini na khadama?"

"Baba, ngoja," Lamya akasema. "Ngoja, yawezekana..."

"Khalas! Wewe andika vitabu vyako."

Hapo Bi Shariffa akaanza kutoa sauti. Tangu kiharusi hatukuwahi kusikia kitu kutoka kwake. Mdomo ukapinda, mate yakamtoka, akajikaza mpaka shingo ikasimama mishipa. "To," akasema. "To... to..."

Yaqoob akanigeukia. "Umesikia? Anakwambia toka."

Najua alikuwa akitafuta lile neno lake, alitutoa. Nilimwinamia nimsaidie kumalizia, Yaqoob akanishika bega. Mkono wa Bi Shariffa, ule mzima, ulikuwa umeng'ang'ania ushungi wangu, na Wadha ndiye aliyefumbua vidole kimoja kimoja. Jioni ile nilikuwa nje na begi.

Nikapata kazi Rusayl, kwenye kiwanda cha kufua mashuka. Mvuke unaunguza mikono na mashine hazinyamazi. Dereva wa kina Yaqoob, Simoni, Mkristo mwenzangu kutoka Bukoba, alinipa habari kwa simu. Bibi hali chakula. Bibi kaletewa mtu mwingine, hawaelewani. Bibi kila mlango ukifunguliwa anageuza kichwa. Nilimwomba aniingize hata kwa mlango wa jiko. Akasema, "Dada Anjelina, nina watoto." Sikumlaumu.

Kisha akapiga siku moja mchana, hakusema salamu, nikajua.

Nilikwenda msibani. Wanawake walikuwa wamekaa chini majlisi ileile. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenisogelea. Nikakaa karibu na viatu. Niliyemwogesha miaka kumi na mbili walimwosha wengine, na hilo ni haki yao, dini yao na yangu ni mbili. Lakini hata ile wiki ya mwisho, kumgeuza tu ubavu, sikuruhusiwa.

Lamya alinifuata nje. Alikuwa amekonda. Alisema, "Khala, nimesikiliza tena sauti ya Bibi. Mara nyingi. Pale anaposema akatutoa, anavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Naona ulisema kweli."

"Basi waambie. Wako ndani wote."

"Si leo. Baba hatastahimili. Nikilirekebisha neno nitaulizwa aliwapitishaje, na nitalazimika kuandika ile habari ya babu. Labda kitabu kikichapwa tena, siku za mbele..."

"Lamya, wewe ndiye uliyetueleza yule mwanamke wa maziwa."

Akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimechoka, hata kulia siwezi. Akasema, "Nisamehe," nikamwambia kuomba radhi nje ya mlango si kuomba radhi, aingie ndani akaseme. Aliingia ndani. Nikasubiri pale kwenye viatu. Nikaisikia sauti yake anawakaribisha wageni kahawa.

Nimeandika hapa lile ambalo Bi Shariffa aliliona haya, na kwa hilo namwomba msamaha yeye na baba yake. Baba yake hakuaibika. Mtu aliyekubali kuitwa mzinifu ili wanawe waishi, mjukuu wake anaona fedheha gani kwake? Alistahili kutajwa pamoja na mama yangu, katika ukurasa mmoja, wote wawili.

Yaqoob ananidai heshima kwa babu yake, na nimeilipa. Yeye anadaiwa na mimi siku za mwisho za mama yake, na hizo hawezi kuzirudisha, kwa hiyo simfuati. Wadha simdai kitu. Lamya ndiye mwenye deni. Anajua ukweli, ana sauti ya bibi yake, ana ulimi wa Kiarabu na wa Kiingereza ambao mimi sina. Kitabu nawaachia wachapaji. Ninachomdai ni asimame katika majlisi ya baba yake, mbele ya wanawake walewale walionitazama nikitabasamu, aseme kwamba Pelagia wa Masasi aliwatoa watoto mikononi mwa wauaji, na aseme kwa maneno gani. Bado hajasema.